Saa Moja ya Mrija

Nimeusimamisha wima saa nne na dakika saba.
Usitikiswe, usiegemezwe, dirisha lifungwe,
maana upepo wa ziwa ukigusa meza, namba hudanganya.
Damu ya shangazi Nyanjige, mrija wa kumi na tisa,
inaanza kushuka,
ikiacha juu yake maji ya rangi ya mafuta ya alizeti.

Kayenze wanasema macho yale si ya bure.
Yamemtoka, mekundu,
kama ya sangara aliyevutwa ghafla toka kina kirefu.
Kwanza tulisingizia moshi wa kubanikia samaki.
Kisha Limi, mjukuu, miaka sita, akasema shuleni:
bibi analala macho wazi.
Neno la mtoto halina miguu,
lakini jioni lilikwishafika mwaloni.
Usiku wa tatu mtu akatupa jiwe juu ya bati.
Moja tu.
Kulipokucha nikamfuata.

Dakika ya ishirini.
Mashine ya kuhesabu seli imemaliza kukohoa:
neutrofili nne na nusu kwa kila limfosaiti moja.
Nimerudia. Nne na nusu.
Tezi ya shingo, vipimo vya juzi vilikwisha kukiri:
mwili umeibwekea tezi yake wenyewe
kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba
kwa kuwa leo kavaa koti jingine,
na kelele zikapanda hadi nyuma ya jicho,
nyama ikavimba, jicho likakosa pa kukaa.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hiki hakikuhitaji nguo.

Nisijidanganye lakini.
Namba hizi ni moshi, hazisemi nani kawasha.
Malaria huzipandisha, jino bovu huzipandisha,
yule kijana wa kifua kikuu, mrija wa kumi na saba,
anazo kubwa kuliko hizi.
Daktari Mujuni atazisoma pamoja na jicho lenyewe,
aamue kama moto ungali unawaka
au limebaki jivu.
Moto una dawa. Jivu linataka kisu.

Dakika ya sitini. Napiga magoti, jicho usawa wa mstari.
Arobaini na sita.
Naandika kwa wino wa buluu, nagonga muhuri,
halafu nabaki na kalamu mkononi
nikitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika
huu si uchawi.
Hapapo.
Kuna "Maoni", mstari mmoja, mfupi.

Kwenye benchi shangazi amejitanda kanga hadi puani.
"Imesemaje?"
"Imesema kunawaka, shangazi."
"Haikutaja mtu?"
"Haikutaja mtu."
Akatikisa kichwa, kama aliyepunjwa chenji.

Usiku, chumbani kwangu Mabatini,
namtia dawa ya mafuta, nashusha kope la kulia kwa kidole,
nabandika plasta.
La kushoto linakataa.
Linabaki na ufa mwembamba, mweupe,
unaonitazama nikizima taa.