Mizani ya Muhoroni

Baba alikuwa karani wa mizani.
Miaka ishirini na sita, kibanda cha mabati, dirisha moja,
matrekta yakipanda bamba la chuma yakitweta,
naye akiandika: gari na mzigo;
kisha, likirudi, gari tupu;
na kati ya namba hizo mbili, miwa.

Hesabu ya kutoa. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Ila zilikuwako siku miwa ilipokataa hesabu.
Tela haijajaa, mabua unayahesabu kwa macho,
lakini sindano imekwenda kulala kwenye tani kumi na moja.
Baba hakugombana na dereva.
Alichomeka kalamu sikioni, akaizunguka tela mara moja,
akasema, "Humu mna kitu."
Mara nyingi yalikuwa mawe. Mara nyingine tope la masika.
Safari moja mtu mzima, kajilaza chini ya miwa, anamkimbia shemeji.

Nami leo nalipwa mshahara kusema maneno yayo hayo,
humu mna kitu,
juu ya galaksi ambayo mwanga wake ulianza safari
kabla Muhoroni haijapata jina,
kabla ya muwa, kabla ya ziwa.

Nyota za ukingoni zina mbio: hilo ndilo tatizo.
Zilipaswa kujikokota huko mbali,
mbali na kitovu ambako mwanga umerundikana;
lakini zinakwenda sawa na za ndani,
na kwa kasi hiyo zingekwisha kutawanyika zamani
kama pumba kwenye ungo.
Hazitawanyiki.
Nimejumlisha kila king'aacho, nimeongeza gesi, nimeongeza vumbi,
napata sehemu moja ya uzito katika sita.
Tano zilizobaki hazina rangi, hazitupi kivuli,
mwanga hupenya humo bila kupiga hodi.
Tunaziita maada nyeusi, kwa kukosa jina.
Cheusi huonekana, jamani. Sufuria yetu nyeusi naiona.

Chuoni Maseno, hatua chache kutoka ikweta,
nilianzisha ulimwengu kwenye kompyuta:
giza tupu, laini kama uji, na vidonge vidogo vya uji ulioshindwa kukorogwa.
Vidonge vikavutana. Vikawa nyuzi, nyuzi zikawa mafundo,
na gesi ikateremkia mafundoni kama maji ya Nyando yajuavyo bonde,
ndipo nyota zikawaka.
Giza lilitangulia. Mwanga ni mgeni
aliyechelewa arusi akapewa kiti cha mbele.
Ilipofika miaka bilioni nne, stima ikapotea.

Nikaenda nyumbani na picha zilizokatika katikati.
Baba akavaa miwani, akazisogeza kwenye koroboi.
"Mmepima mara ngapi?"
Mara nyingi, Baba.
"Na mizani yenyewe, nani aliipima?
Maana mizani ikiwa mwongo, kila gari lina mawe."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.
Wapo wenzangu wasemao hivyo hivyo: hakuna kitu humo,
kanuni ya mvutano ndiyo iliyopinda.
Nikamweleza kuhusu mwanga, jinsi unavyokunjika
ukipita kando ya kisichoonekana, na hesabu zikakubaliana, karibu.
"Karibu," akasema. Kwake yeye mkaguzi alikuja kila Januari
na vyuma vya uzito unaojulikana.
Sisi hatuna vyuma hivyo.

Akanyamaza mpaka nikadhani amesinzia.
"Ilikuja tela moja," akasema, "mwaka ule wa njaa.
Nikaamuru miwa yote ishushwe. Hamkuwa na jiwe.
Hamkuwa na tope, hamkuwa na mtu. Nikapima tena: vile vile."
Ukaandika nini?
"Niliandika uzito.
Ningeandika nini kingine?"

Nje kulipita trekta isiyo na taa.
Hatukuiona. Vikombe vililia kwenye sinia,
na Baba, bila kugeuka, akataja tani zake.