Mbuzi Zinauzwa Northampton

Duka tulilifungua Ijumaa, saa mbili usiku,
bila utepe, bila mkasi, bila wa kuomba dua.
Mimi na Makame tu, na chai iliyokwisha poa.
Kidole kikabonyeza, tukawa wafanyabiashara.

Jumatatu kaunta ikasema: wageni wanne.
Mimi, kwa simu yangu.
Mimi, kwa simu ya Makame.
Mimi tena, kwa kompyuta ya kazini, saa ya mapumziko.
Wa nne hatumjui. Alikaa sekunde sita.
Siku mbili nzima nilimfikiria mtu huyo,
alikuja kutafuta nini, na nini kilimuudhi.

Gerejini, mbuzi arubaini za kukunia nazi
zimeegemea ukuta, zinatutazama.
Makame kazichonga kwa mbao za makreti
anazookota bohari baada ya zamu ya usiku.
Chuma cha meno kinatoka kwa Bwana Cyril, mtaa wa pili,
fundi viatu aliyestaafu: visu vyake vya kukatia ngozi.
Alitupa vyote, akasema mji huu haushoni tena.

Sabiha, mpwa wangu, anasomea biashara.
"Shangazi, bidhaa haijiuzi. Lipia tangazo."
Nikalipa pauni ishirini.
Watu elfu moja na mia tatu wakalitazama,
wengi wao, sijui kwa nini, wako Brazili.
Wanne waliweka alama ya moyo.
Moyo haulipi bili ya gesi.

Basi nikakaa mezani nikaandika mwenyewe,
kama baba alivyoandikia watu kadi za harusi:

    Mbuzi zetu hazilii, wala hazili majani
    Usiku hazikimbii, zakaa tuli jikoni
    Nazi hazizihofii, huzikuna sahanini
    Pauni kumi na nane, fungua duka simuni

Juu yake, kwa herufi kubwa: MBUZI ZINAUZWA.
Alfajiri simu ilikuwa inatetemeka juu ya friji.
"Dume au jike?"
"Kilo ngapi?"
"Mnachinja wenyewe au tuje na kisu?"
"Dada, rekebisha Kiswahili chako. Wanauzwa,
si zinauzwa. Mbuzi ana roho."
Huyu nilitaka kumwandikia ukurasa mzima.
Nikamjibu: Yangu haina. Ndiyo maana inapita posta.

Makame alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Mia mbili na kumi wameingia dukani wakitafuta nyama.
"Hawa si wateja," nikamwambia Sabiha, "wamepotea njia."
"Shangazi, aliyepotea naye ana kadi ya benki."

Jioni ile nikaikalia mbuzi moja,
simu nikailaza sakafuni, nikarekodi.
Sikusema kitu. Uso sikuuonyesha.
Nazi ya supamaketi, kavu, ya bei mbaya,
na krr, krr, krr,
na sahani ikijaa weupe taratibu.

Mama mmoja wa Hamilton, Kanada, akaandika:
"Miaka kumi na miwili napikia tui la kopo.
Nimesikiliza mara nne. Mume wangu ameuliza
kuna nani jikoni."
Gharama ya kuituma imeipita bei yake.
Akalipa.

Na Bwana Nassor wa Leicester, yule wa kilo ngapi:
"Mbuzi nimempata kwa Mpakistani, keshachinjwa.
Sasa wali wa nazi nitaukunia nini?
Nileteeni hiyo yenu isiyolia."

Leo niko posta na maboksi mawili.
Karani anauliza ndani kuna nini.
Kisu? Si kisu.
Chombo? Kiasi.
"Kiti," nikasema. "Kina meno."
Kalamu yake ikasimama. Nyuma yangu
mtu akakohoa kile kikohozi cha foleni.
Nikatoa simu, nikamgeuzia kioo upande wake,
akainama, akasogeza kwa kidole gumba,
chini, chini zaidi, mpaka kwenye bei.

Mgeni wa mia tatu na sita.
Sekunde sita zikapita, bado anatazama.