Mkalimani

Chaltu ana miaka saba na pengo mbele,
na ndiye mdomo wa mama yake
katika zahanati ya Eastleigh, ghorofa ya pili.

"Mwambie mama," asema daktari,
"chupa ya chai tamu isilale na mdogo wako.
Magego mawili yameshatoboka."

Chaltu ageuka, anena Kioromo.
Mama ainamisha kichwa. Chai ile
ndiyo iliyomnyamazisha mtoto
usiku ule jirani alipogonga ukuta.

"Mwambie pia, peremende zipungue.
Hata zile za shilingi moja."

Hapo mkalimani akohoa.
Atazama dari. Ulimi wazunguka pengoni.
"Daktari asema," atafsiri polepole,
"tununue miswaki. Mitatu."

Mama, kimya, apapasa mfuko wa sare ya binti:
unanata.