Fomu ya Mkaguzi

Mkaguzi amekuja na pikipiki, matope hadi magotini.
Amehesabu madawati: ishirini na mawili.
Amehesabu vyoo, akaziba pua, akaandika.
Amehesabu watoto wa darasa la tatu,
akakosea, akaanza upya: mia moja na kumi na wanane.
"Mwalimu Wamono, paa ni zuri," akasema.
Paa ni zuri, ndiyo. Mvua ikipiga bati
nafundisha kwa mikono, kama bubu.

Fomu yake haina mahali pa kumwandika Khainza.

Jumanne, soko la kahawa hapa Bushika,
mama yake alitua gunia mbele ya mizani.
Mnunuzi akasoma upesi, kama anayemeza dawa chungu:
"Kumi na saba."
Mama akapeleka kidole gumba kwenye wino,
kama mwaka jana, kama mwaka juzi.
Ndipo sauti ikatoka nyuma ya gunia:
"Mshale uko kwenye kumi na tisa na nusu."
Kimya. Mbuzi akakohoa.
Mnunuzi akafuta kioo cha mizani kwa shati,
eti vumbi.
Akalipa.

Kilo mbili na nusu.
Si barabara ya lami, si bwawa la umeme,
si yale maneno marefu tunayoletewa kwenye semina
pamoja na soda na karatasi ya kusaini posho.
Ni chumvi, sabuni, daftari la mdogo wake,
na miche minne ya mringaringa
ya kuushika ule mteremko juu ya nyumba yao,
uliomeguka Mei iliyopita ukala jiko.

"Nani kakufundisha?" nilimwuliza.
"Si wewe!" akanishangaa.
"Ulichora uso wa mizani ubaoni,
chaki ikaisha, ukamalizia kwa mkaa."

Nilijivuna hadi jioni.

Usiku, nikisahihisha kwa tochi ya simu,
nikamkuta Mutonyi kaandika jina lake
kuanzia mwisho, mwaka wa tatu sasa;
nikamkuta Kuloba kanakili hata ufa wa ubao.
Kitabu kimoja, vichwa tisa:
anayekaa ng'ambo ya dawati
amezoea kusoma herufi zilizosimama kwa kichwa.

Mkaguzi anawasha pikipiki.
Mahudhurio safi, anasema, hongera.
Nami nabaki mlangoni na kipande cha chaki,
natoa kwa akili, kama ninavyowafundisha:
mia moja na kumi na wanane,
toa mmoja.