Shilingi Mia na Hamsini kwa Neno

Siku ya Jumanne Rweyongeza kaniwekea mezani kurasa mbili,
Kifaransa kitupu: wasifu wa mgeni,
Bibi Solange Kervadec, atakayehutubia Alhamisi.
Shilingi mia na hamsini kwa neno, kasema,
na usirefushe.

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Zanaki, juu ya duka la miwani,
feni imekufa pamoja na umeme,
nikaanza kumpandisha ngazi mama wa watu:
meya, akiwa na miaka thelathini na mmoja,
wa mji wenye mvua na kiwanda cha dagaa;
kisha mbunge; akashindwa; mbunge tena;
naibu waziri wa uchukuzi; waziri kamili, miezi kumi na moja
(serikali ilianguka, wasifu hausemi kwa kishindo gani);
kisha Brussels, Kamishna.

Hapo kalamu ikagoma.
Kamishna kwetu ni wa polisi, au wa kodi,
ukisikia kaja unafunga duka.
Nyamhanga, mlinzi wa mlangoni, akauliza,
"Anakuja kumkamata nani?"
Nikajaribu mjumbe. Lakini mjumbe ni Bi Tabu wa nyumba kumi,
anayedai hela ya taka
na kujua nani kapangisha chumba cha uani.
Nikarudi kwa kamishna, nikaongeza "wa Umoja wa Ulaya":
maneno manne, shilingi mia sita.

Miaka sita kule, na alichokiacha ni kimoja,
kanuni ya vioo vya malori.
Vioo!
Vikao mia na kumi na viwili,
mawaziri wakikesha juu ya sentimita.
Nilicheka peke yangu mle gizani.

Kati ya kushindwa na kurudi bungeni
palikuwa na mwanya wa miaka miwili.
Nikauruka. Mwanya haulipwi.

Alhamisi, hotelini Barabara ya Ohio,
nikaingia kibanda cha kioo, vipokea sauti masikioni.
Ukalimani una sharti moja la ajabu:
husemi "yeye anasema."
Unasema mimi.
Basi kwa dakika arobaini mimi, Zamoyoni binti Kondo,
wa Magomeni Mikumi,
nilikuwa waziri wa Ufaransa.
Nilikataa chakula cha mchana cha wenye malori.
Nilipiga meza. Nilishangiliwa na makatibu wakuu,
makofi yakichelewa sekunde mbili
mpaka Kiswahili changu kiwafikie.

Kisha akaikunja karatasi.
Mimi sina nyingine, namfuata kwa kupapasa:
"Niliposhindwa uchaguzi nilirudi kwa mama.
Miaka miwili nilimwosha mdogo wangu, Yann,
nikimgeuza ubavu huu, ubavu huu.
Alikuwa na baiskeli.
Dereva hakuwa mlevi. Hakuwa na haraka.
Hakumwona tu."

Hakumwona lilinitoka kama msumari wenye kutu.
Nusu ya ukumbi iligeuka kutazama kibanda,
si jukwaa.

Wakati wa chai alipita karibu yangu,
akaniuliza kama alinichosha.
Nilisema hapana. Kwa lugha gani, sikumbuki.

Ijumaa Rweyongeza kahesabu maneno kwa kompyuta:
mia nne na matatu.
Sitini elfu, mia nne na hamsini.
Maisha ya mtu, mtungi wa gesi na chenji kidogo.

Nikashuka Buguruni, Barabara ya Mandela, nangoja kuvuka.
Lori kuukuu la Ulaya likasimama,
ubavuni bado lina jina la mwoka mikate wa huko,
na juu, kile kioo cha ziada, kidogo, kilichoinamia chini,
kimepasuka pembeni,
kimefungwa kwa mpira wa tairi.
Ndani yake nilikuwamo mzima:
kitambaa, mfuko wa vitunguu,
mguu mmoja tayari kwenye lami.

Dereva akanipungia mkono.
Pita.