Mlango wa Uani

Mapigo hamsini na mawili. Hilo ndilo lililonitisha,
si midomo iliyoumuka kama donge la unga,
si vipele vilivyompanda shingoni vikishindana.
Mtu aliyeumwa na nyigu watatu, presha sitini kwa thelathini,
moyo wake ulipaswa kukimbia kama mwizi.
Huu wa Eladio ulijikokota,
kama mtu aendaye kulipa deni.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, mavuno ya zabibu
kwenye miteremko ya mto Sil,
ambako ngazi za mawe hushuka hadi magoti yakaomba radhi.
Nyigu wale wageni, weusi, wenye miguu ya manjano,
walikuwa wamejenga ndani ya ukuta.
Kreti iligonga jiwe. Basi.

Zahanati yetu ina vitanda viwili
na daktari wa Jumanne na Ijumaa.
Ilikuwa Jumatano. Nilikuwapo mimi, Uxía, na simu.

Nikamlaza, nikamwinua miguu, nikamchoma adrenalini pajani.
Dakika tano. Nikamchoma tena.
Adrenalini ni mgeni asiye na haya:
huingia na viatu, huwasha taa vyumba vyote,
huwavuta waliolala kwa masikio.
Siku ile ilisimama barazani.
Hodi.
Hodi.
Ndani kimya, hakuna wa kusema karibu.
Lita nzima ya maji ya chumvi ikaingia mkononi
ikapotea kama iliyomwagwa mchangani.

"Remedios, mumeo anakunywa dawa gani?"
"Hanywi kitu."
Kisha: "Za presha tu."
Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la biskuti:
risiti, rozari, kifungo cha koti,
na karatasi ya vidonge, kila siku imetobolewa,
hata ya asubuhi ile.
Bisoprololi. Miaka tisa.
Mlinzi mweupe, mdogo kuliko punje ya mahindi,
aliyeamriwa asimruhusu yeyote kuukimbiza moyo huu,
na hakuna aliyemwambia
kwamba ingekuja siku ya kukimbia.
Simlaumu. Alishika zamu.

Daktari kwenye simu, toka Monforte, sauti ikikatika:
"Glukagoni. Hiyo inapita mlango mwingine."
Nikaiona nyumba ile: mbele komeo na kufuli,
uani mlango umerudishwa tu.

Nilikuwa na boksi moja. Miligramu moja.
Niliisukuma mshipani taratibu, nikihesabu kwa sauti.
Hamsini na tisa. Kisha hamsini na tano.
"Ongeza," simu ikasema. Niongeze nini?

Brais, kitinda mimba wao, alikuwa ameshatoka bila kuaga.
Huku tunajuana kwa maradhi kuliko kwa majina:
Antía wa mwoka mikate ana kisukari, ana miaka kumi na mmoja,
ana boksi la rangi ya chungwa shuleni, na jingine nyumbani.
Aliyaleta yote mawili mwenyewe, anahema,
chaki kwenye mkono wa sweta.
"Unazungusha," akaniambia. "Hutikisi."

Nikazungusha.
Eladio akatapika, nikamgeuza ubavu.
Sitini na nne. Sabini na moja.
Presha themanini, tisini, na rangi ikarudi masikioni kwanza,
sijui kwa nini masikioni.
Akafumbua jicho moja, akauliza kama kreti imevunjika.

Helikopta ilipoondoka naye, majani yote ya uwanja yakalala.
Remedios alikuwa akiokota vitu vyake sakafuni,
kifungo, rozari, akivirudisha koponi kwa mpangilio uleule.
Antía alibaki mlangoni.
"Na mimi," akauliza, "sukari ikinishuka usiku?"

Niliendesha kilomita arobaini hadi famasi yenye zamu.
Nikarudi gizani, polepole kwenye kila kona,
na maboksi mawili kiti cha pembeni,
nimeyafunga mkanda.