Bei ya Herufi

Herufi moja, shilingi elfu mbili.
Nukta bure. Msalaba una bei yake.
Ndivyo kinavyosema kibao changu hapa Mbalizi,
kando ya barabara ya malori yaendayo Tunduma,
ambapo vumbi la marumaru ya Songwe
limenipaka mvi kabla ya siku zangu.

Gwakisa, mtoto wa dada, kaleta karatasi ya shule:
picha ya mlango wa kaburi, Misri ya kale,
mlango ambao haukuwahi kufunguka
maana ni jiwe tupu, mbele hata nyuma.
Miimo miwili, kizingiti,
na chini ya kizingiti mkeka,
mkeka uliokunjwa, wa jiwe,
kama ule wa bibi kule Kiwira
aliouviringisha alfajiri, ukungu ukiingia bila hodi.

"Marehemu alipita humo," kijana asema,
"kuja kula."

Nikavaa miwani. Sijui kusoma ndege wale,
wala jicho, wala mguu, wala maji yenye meno ya msumeno.
Lakini mkono nausoma.
Huyu alianzia kulia, akachoka kabla ya jioni.
Hapa tindo lilimteleza, akaziba kwa lipu.
Nami huziba hivyo hivyo, gundi na unga wa jiwe;
mteja haoni, Mungu anaona, kazi inaendelea.

Chini kuna tafsiri. Gwakisa akanisomea:
Mwangalizi wa maghala. Msiri wa mfalme.
Mpendwa wa bwana wake.
Vyeo vimeshindiliwa kwenye mwimo kama mahindi guniani.
Kisha ombi: enyi mlio hai, mpitao hapa,
semeni tu kwa kinywa:
mikate elfu, pombe mitungi elfu,
ng'ombe elfu, bata elfu.
Ni pumzi tu, haiwagharimu kitu.

Nikacheka hadi tindo likaniponyoka.
Mitungi elfu! Kimpumu hicho
kingemaliza ulezi wote wa Ileje.

"Na aliyechonga, jina lake?"
Kijana akageuza karatasi.
Upande wa pili palikuwa na hesabu za sehemu.

Alasiri akaja Tupokigwe kutoka Inyala,
kiroba cha viazi mgongoni,
noti zimefungwa pembe ya kanga.
Mumewe alilinda ghala la pareto
miaka ishirini na mitatu, kwa rungu na tochi.
Nikahesabu pesa: herufi saba.
Nikahesabu jina: AMBOKILE. Nane.

"Toa ya mwisho," akasema.
"Wanaomjua watamalizia kwa mdomo."

Jumamosi alikuja kuchukua jiwe.
Akapitisha kidole, polepole, shimo kwa shimo,
akafika mwisho, akarudi mwanzo, akahesabu tena.
"Mimi nilisema saba."
Nikajifanya natafuta brashi.
Hakushukuru. Alifungua kiroba,
akaweka viazi vinne juu ya benchi, malipo ya E,
akamwita mwenye bodaboda.

Usiku baridi iliposhuka kutoka Loleza
nilivichoma vile viazi kwenye jiko la mkaa.
Kabla ya kuuma cha kwanza, kwa kinywa, peke yangu:
viazi elfu, Ambokile.
Na wewe uliyetelezwa na tindo, jina silijui,
hiki kilichoungua kidogo
ni chako.